Bustani Isiyomtwika Mtoto Mtungi

Nilipokuwa darasa la nne, katika shule moja ya msingi kule Ukambani, kila Jumatatu na kila Alhamisi tulikwenda shule na mizigo miwili: mkoba wa vitabu mgongoni na mtungi wa lita 5 kichwani. Maji tuliyateka katika mto wa mchanga, yaani mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka hauna maji ya kuonekana, ila mtu akiufukua mchanga kwa kata na kungoja, maji hujikusanya polepole kama jasho. Hayakuwa maji ya kunywa wala ya kupikia uji. Yalikuwa maji ya maua. Mbele ya afisi ya mwalimu mkuu palikuwa na vitanda viwili vya waridi na kimoja cha kana, vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kibao kilichotuonya tusikanyage. Aliyefika na mtungi nusu alichapwa. Aliyeyanywa njiani, na kiu ilikuwa ya kila siku, alichapwa zaidi, kwani huyo alihesabiwa kuwa mwizi.

Namkumbuka msichana mmoja wa darasa letu aliyejikwaa karibu na lango, maji yakamwagika yote. Hakujali goti lililochubuka. Alikaa chini akawa anayazoa maji kutoka vumbini kwa viganja, huku kengele ikilia.

Shule ile ilikuwa na wanafunzi wapatao 200. Msomaji aliye mwanafunzi na azidishe: lita 5 mara 200 ni lita 1,000 kwa siku, siku mbili kwa juma ni lita 2,000, na muhula wa majuma 13 ni lita 26,000. Lita 26,000 ziliteremka kutoka vichwani mwa watoto hadi kwenye vitanda vitatu vya maua. Mwezi wa Agosti shule ilipofungwa, maua yote yakakauka. Muhula mpya ulipoanza tukapanda tena, tukatwikwa tena.

Nisingeyakumbuka haya kama si kwa sababu mnamo Januari 2023 mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha sasa, ambayo nayo iko katika nyanda hizo hizo kame, aliniita afisini akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa Kilimo hapa. Mvua ikija, nataka mbele ya afisi papendeze." Wakati huo misimu mitano ya mvua ilikuwa imekwisha kutupita mfululizo bila mvua ya kutosha, tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Ng'ombe walikuwa wamekufa, na kuna watoto waliokuwa wakija shule kwa ajili ya chakula cha mchana kuliko kwa ajili ya masomo. Sikuthubutu kumwambia bosi wangu kwamba maua ni anasa. Nilimwomba jambo moja tu: kwamba katika bustani hiyo mtoto yeyote asitumwe mtoni. Alicheka, akasema, "Basi utayamwagilia kwa mate?" Lakini alikubali.

Makala haya ni ya jinsi tulivyofanya, kwa faida ya walimu wenzangu ambao wameachiwa kiwanja kitupu mbele ya nyumba au mbele ya afisi, na kwa wanafunzi wanaotakiwa kufanya miradi ya Kilimo tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Tuko mwishoni mwa kiangazi. Mwenye nia na aanze sasa, maadamu ardhi ingali kavu na mvua haijafika.

Kwanza tuondoe kosa moja la vitabu. Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa katika maduka yetu vimeandikiwa Uingereza au Marekani, na karibu vyote humshauri msomaji aanze majira ya machipuko, theluji inapoyeyuka na udongo kuanza kupata joto. Sisi hatuna majira hayo. Udongo wetu una joto mwaka mzima. Kinachokosekana ni maji. Kwa hiyo machipuko yetu ni siku ile mvua inapoanza, na siku hiyo haifanani kila mahali. Katika sehemu kubwa ya nchi masika huanza Machi na kwisha Mei. Magharibi ya Bonde la Ufa mvua huendelea hata Agosti. Na pwani masika hukolea Aprili na Mei. Huku Ukambani wazee huiamini zaidi mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Disemba, nao wana haki, kwani aghalabu ndiyo isiyowatupa wakulima. Anayepanda kwa kufuata kalenda ya mtu mwingine atavuna majuto.

Nilitumia Januari yote bila kushika jembe. Walimu wenzangu waliniona nimesimama kwenye varanda na kikombe cha chai wakadhani nimeikwepa kazi. Kumbe nilikuwa natazama watoto wanapita wapi. Mtoto anayetoka lango kuu kwenda darasani haendi kwa pembe mraba. Hukata mkato, na mkato ule huonekana wazi kama mshono kwenye nguo. Yule aliyetuwekea kibao cha "usikanyage" alikuwa amechora kitanda chake juu ya njia ya watu, kisha akawalaumu wenye miguu. Sisi tuliziacha njia zote mahali zilipokuwa, tukazipanga kwa mawe pande mbili, na vitanda vikafuata nafasi zilizobaki. Tangu hapo sijawahi kuandika kibao chochote.

Nilitazama pia jua linapiga wapi wakati wa alasiri, na maji ya mvua ya zamani yalikuwa yamechimba mifereji upande gani. Kiwanja chetu kina mteremko mdogo kuelekea lango, wala hakikuwa na jani hata moja. Kilifagiliwa kila asubuhi kwa mifagio ya vijiti hadi kikang'aa, na mizizi ya mti wa pekee uliokuwapo ikawa nje kama mifupa. Desturi hii ya uwanja uliofagiliwa siibezi. Mama zetu walitulea katika viwanja safi ili nyoka na nge waonekane mapema, na mgeni aone kwamba nyumba ina watu wenye adabu. Walakini kila fagio lina punje zake za udongo linaloondoka nazo, na mvua ya kwanza humalizia kazi hiyo.

Hapa ndipo Ukambani unapomfaa mwenye bustani. Wakulima wa Machakos wanajulikana duniani kwa matuta yao, na namna moja ya matuta hayo huitwa katika vitabu vya kigeni kwa jina letu la Kiswahili bila kutafsiriwa: "fanya juu". Mtu huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo anaoutoa huurusha upande wa juu, ukawa tuta. Maji yanayoteremka hukwama, hutulia, huzama. Tulichofanya mbele ya afisi ni fanya juu ya kitoto: mitaro mitatu yenye kina cha kiganja na nusu, inayofuata upinde wa mteremko. Vitanda vyenyewe tulivichimba vikazama chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili viyapokee maji badala ya kuyakimbiza. Mwalimu aliye Kericho au Kakamega asiige jambo hilo. Kwake mvua ni nyingi na kitanda kilichozama kitakuwa dimbwi. Yeye na ainue vitanda vyake.

Kazi ya kuchimba ifanywe Februari. Udongo uliokauka ni mgumu, sikatai, lakini ukichimbwa mapema na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri, huwa tayari kuyanywa maji ya kwanza. Samadi mbichi iachwe ioze. Ina joto la kuunguza mizizi na imejaa mbegu za magugu. Na ikiwa kiwanja kina zile nyasi za Kikuyu, tafadhali zing'olewe zote, hata kipande cha mwisho cha mzizi. Nyasi hizo ni zetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ni hodari kiasi kwamba katika jimbo la California huko Marekani, walikozipeleka kwa hiari yao, sasa wanazipiga vita kama gugu. Atakayeviachia vipande vyake kitandani atapalilia maisha yake yote.

Sasa tufike kwenye mimea yenyewe.

Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba tutapanda mishubiri. Alikunja uso. Mshubiri ni dawa chungu, ni mmea wa porini, unaota kwenye mawe bila kuombwa. Nikamwambia hizo ndizo sifa ninazozitafuta. Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake mazito, hukaa miezi bila mvua, mbuzi huuonja mara moja akajuta, na unapotoa ua lake jekundu au la rangi ya chungwa, chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, huja kufyonza utamu wake. Tahadhari ni moja: usiende kuung'oa porini. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na biashara yake kimataifa hudhibitiwa pia. Wala hakuna haja. Mshubiri uliokomaa huzaa vijana kando yake. Mwombe jirani mwenye nao. Sisi tulipata 40 kutoka kwa nyanya mmoja anayeishi nyuma ya kanisa, naye alituomba malipo ya sukari kilo mbili.

Pamoja na mishubiri tulipanda ile jamaa ya katani ya porini yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, ambayo nyuzi zake husokotwa kuwa kamba. Hiyo huishi hata kwenye kivuli cha ukuta ambako kitu kingine hakikubali. Tukapanda mchaichai kando ya mitaro, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo na majani yake huishia katika birika la chai la walimu. Tukapanda rosimari kandokando ya njia kuu, ambayo mtoto akipita akiigusa hunukia. Mchaichai na rosimari si wenyeji wa huku, lakini ni wageni wenye adabu: hukaa walipowekwa.

Nasema hivyo kwa sababu kuna wageni wasiokaa walipowekwa, na hapa namwomba msomaji anisikilize vizuri. Anayetafuta mmea usiotaka kutunzwa anaweza kuupata mmea usiotaka kuzuiwa. Tunao ushahidi nchini. Mti wa mathenge uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, uzuie jangwa na uwape watu kuni. Haukuhitaji maji wala mlinzi. Ulimeza malisho, ukafunga njia, na makokwa yake matamu yakayaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wenyeji wakaishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akafikishwa mahakamani kuwa ushahidi. Gugu maji lililolisumbua Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na lililolisambaza duniani ni uzuri wa ua lake tu. Watu walilipanda katika mabwawa ya bustani. Lantana nayo bado inapandwa kuwa ua wa nyumba kwa sababu ya vishada vyake vya rangi rangi. Ndege hula matunda yake, hutupa mbegu malishoni, na ng'ombe wanaoila hupata sumu. Kabla hujapanda kitu, muulize mwenye nacho swali hili: je, kimewahi kuota mahali ambapo hukukipanda? Akijibu kwa kicheko, kiache.

Mnyaa pia niliukataa, ingawa ni mwenyeji na hauhitaji chochote. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtu kwa muda, na watoto wa darasa la kwanza huchuma kila kitu. Bogenvilia tuliweka moja tu, mbali na njia, kwa ajili ya miba yake.

Kuna jambo linalonichekesha nikitembelea vitalu vya barabarani. Muuza miche husifia kitu kwa kusema kimetoka ng'ambo. Ilhali mmoja wa mimea ya maua inayopandwa sana mbele ya nyumba za Ulaya na Marekani ulitoka kwetu: ulipelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na Dakta John Kirk, na mwaka 1882 wataalamu wakaupa jina la heshima ya Sultani wa Zanzibar. Na lile ua dogo la zambarau ambalo vikongwe wa Ulaya hulitunza kwenye vyungu dirishani linatoka katika milima ya Usambara, na jamaa zake wengine wamo katika milima yetu ya Taita. Mzungu aliyelichukua alikuwa mtawala wa Kijerumani kule Tanga, mwaka 1892. Wao walivuka bahari kutafuta maua yetu. Sisi twamtuma mtoto mtoni kwa ajili ya yao. Watu wa pwani wao hawakupotoka hivyo. Asumini, mrehani na mlangilangi wamekaa nao karibu na milango kwa vizazi na vizazi, na kila mmoja una kazi yake nyumbani.

Basi Machi ikafika. Mvua ya kwanza nikaikataa. Mvua ya kwanza hulaghai. Hunyesha dakika 20, vumbi linanukia vizuri, kila mtu anakimbia na mche mkononi, kisha jua linawaka siku kumi. Nilingoja mpaka nikichimbua kwa mkono niukute udongo umelowa hadi kwenye kifundo. Machipukizi ya mishubiri tulikuwa tumekwisha kuyang'oa siku kadhaa kabla na kuyaacha kivulini ili vidonda vyake vikauke, kwani yakipandwa mabichi huoza. Tulipanda kwa umbali uliowakasirisha watazamaji. Hatua nzima kati ya mmea na mmea! Mwalimu wa Hesabu aliniuliza kama nimeishiwa. Lakini mche hautazamwi ulivyo siku ya kupandwa. Hutazamwa utakavyokuwa baada ya miaka mitatu. Bustani nyingi huwa mzigo kwa sababu zilijazwa siku ya kwanza, na baadaye mwenyewe akawa mtumwa wa kukata na kung'oa.

Nafasi iliyobaki wazi tuliitandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa vidole vinne, bila kuzigusisha kwenye mashina. Matandazo huuzuia udongo usikauke, huyanyima magugu mwanga, na huvunja nguvu ya matone. Hili lilinishinda kwa upande mmoja: mchwa walikuja. Upande wa afisi waliyamaliza matandazo yote kwa mwezi mmoja wakaanza kuunusa mlango. Tukayaondoa huko, tukaweka kokoto. Kokoto hazina rutuba ya kuongeza, lakini haziliwi, na kazi nyingine zote za matandazo huzifanya.

Fauka ya hayo, tulipata maji bila kwenda popote. Nyumba ya walimu iliyo kando ya bustani ina paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Hii ni hesabu ya darasa la sita. Paa la mita mraba 48, mvua ya milimita 10, ni lita 480, sawa na mitungi 24 ya lita 20, hata kabla hatujakata kiasi kinachopotea. Yote hayo yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati na kuchimba mashimo ukutani! Tuliweka mlizamu mmoja, ukayaongoza maji hadi kwenye mtaro wa juu, na mtaro ukayagawa. Hatukununua tangi, ingawa mwenye uwezo na alinunue, na alifunike dhidi ya mbu.

Mimea iliyo laini tuliimwagilia majuma machache ya mwanzo, na maji hayo yalitoka kwenye vibuyu chirizi. Wasomaji wanakumbuka jinsi korona ya mwaka 2020 ilivyotufundisha kutundika vibuyu na madebe ya kunawia mikono mbele ya kila darasa. Maji ya kunawa yalikuwa yakitengeneza matope. Tulivihamisha vibuyu hadi kando ya vitanda, na kila mtoto anayenawa kabla ya chakula akawa anamwagilia bila kuambiwa. Povu kidogo la sabuni halikuyadhuru maua, ingawa sikuliruhusu lifike kwenye mboga.

Naam, mboga. Katika kitanda cha mwisho, karibu na jiko, tulimwaga mbegu za mgagani, mnavu na mchicha. Hizi hukua zenyewe, na ukiacha mashina machache yakomae, hujipanda tena mvua inayofuata. Zamani zilidharauliwa kuwa magugu ya maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi ya utafiti kuzirudishia heshima yake. Mwalimu mkuu hakutaka sukuma wiki mbele ya afisi, akidai itaonekana kama shamba. Mnavu hakuutambua, akausifu kwa maua yake meupe.

Pingamizi zilikuwapo, na zingine zilikuwa na mantiki. Mpishi wetu aliogopa nyoka. Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Kwa hiyo tuliacha utepe wa kokoto wenye upana wa mita moja kati ya ukuta na mimea, na hatukupanda kichaka chochote kinachofunga macho. Hajaonekana nyoka mpaka sasa, lakini nisingemwambia mpishi kwamba hatakuja kamwe. Walimu wawili walisema bustani ni ya miiba na inafanana na makaburi. Hilo nimeshindwa kulijibu. Jicho la mtu ni lake. Na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa na wasiwasi kwamba maafisa wa elimu wakija watauliza maua yako wapi. Tukapatana: mawaridi mawili yapandwe mlangoni pake, lakini maji yake yasibebwe na mwanafunzi.

Sharti hilo ndilo kiini cha hoja yangu. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Lilikuwa jambo jema, lakini katika shule nyingi adhabu haikuondoka. Ilihama tu, kutoka makalioni hadi jembeni. Mtoto akichelewa, alime. Akiongea darasani, akate nyasi. Asipomaliza zoezi, amwagilie maua. Kisha sisi hao hao tunaingia darasani kufundisha Kilimo na kuwahubiria kuhusu heshima ya jembe, na jioni tunaandika barua magazetini tukilalamika kwamba vijana wanaudharau udongo na kukimbilia mijini. Tunataraji nini? Mtoto aliyeshikishwa jembe kila alipokosea hujifunza kwamba jembe ni fimbo ndefu. Mimi mwenyewe, niliye na stashahada ya Kilimo, nilifika umri wa miaka 30 kabla sijaweza kulitazama waridi bila shingo kuniuma.

Sisemi watoto wasifanye kazi. Tuna chama cha 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na wanachama wake ndio waliochimba mitaro ile, kwa zamu, wakaipima kwa kamba na chupa ya maji. Hao hawakuwa wakitumikia kosa. Wanapopita na wazazi wao siku ya mkutano huwaonyesha: huu ni mtaro wangu.

Mwenye kuuliza kama bustani hii haina kazi kabisa, nitamjibu kweli. Mwaka wa kwanza ilikuwa na kazi nyingi. Magugu yaling'olewa kila Ijumaa, dakika 15, kabla hayajatoa mbegu. Miche 11 ilikufa, karibu yote ikiwa rosimari, nami nikangoja mvua ya vuli kuirudishia. Hapo ndipo wazee waliponicheka kwa kuiamini masika. Vuli ile ya mwaka 2023 ilikuwa ya El Niño, ikanyesha kupita kiasi, na mishubiri sita iliyokuwa bondeni ikaoza miguu. Masika ya mwaka 2024, yale yaliyoahirisha kufunguliwa kwa shule hadi Mei 13, yalivunja tuta moja. Tulilijenga upya kwa asubuhi moja. Tangu hapo palizi imekuwa ya mara moja kwa mwezi. Likizo ya Agosti hunifikia nikiwa kwetu, na nikirudi naikuta mishubiri imekunjamana kidogo, imebadilika rangi ikawa nyekundunyekundu kama mtu aliyechoka, lakini hai.

Mawaridi mawili nayo yapo. Mwalimu mkuu huyamwagilia yeye mwenyewe saa kumi na moja jioni, kwa debe alilolitoboa matundu, na juzi nilimsikia akilalamika kwamba mgongo unamuuma.

Vijana wa mishubiri sasa ninao zaidi ya 100, wamesongamana kando ya mama zao na lazima wapunguzwe kabla ya masika. Nyanya wa nyuma ya kanisa amekataa kuwarudisha kwake. Mwalimu yeyote wa shule jirani anayesoma haya na aje na gunia, Jumamosi yoyote kabla ya mvua. Sukari si lazima.